Kengele Waliyoizoea

Kengele ililia kabla Khaemba hajawasha kiberiti.

Alikuwa juu ya ngazi, karibu na mabati ya ghala, taa ya spiriti mkono mmoja na njiti mkono wa pili. Kazi yake ilikuwa kupima kengele za moto. Kwenye dari za viwanda na maghala palifungwa vidude vya shaba vilivyolingana na kikombe cha chai. Joto likizidi ndani ya kidude kimoja, nyaya hugusana na kengele kubwa ya ukutani hulia. Kwa kawaida Khaemba alipanda, akawasha taa, akaisogeza chini ya kidude, akangoja. Vidude vyote vikijibu, kampuni ya bima iliyomwajiri mjini Nakuru humpa mwenye ghala cheti. Visipojibu, hakuna cheti. Katika viwanda vya unga vya Nakuru na mashine za mbao za Elburgon alikuwa amekutana na kengele nyingi zilizokataa kulia. Kengele iliyomtangulia hakuwa ameiona.

Akajishika vizuri kwenye ngazi, akingoja watu wakurupuke. Chini yake wanawake walikaa juu ya magunia wakichambua ngano, nyungo mapajani. Kengele ilipiga kwa ukali wa kutoboa masikio. Hakuna aliyeinua kichwa. Mikono iliendelea kuokota vijiwe na kuvitupa. Hata mtoto mchanga aliyelala mgongoni mwa mama yake hakushtuka.

Ikakoma.

Khaemba akashuka. Mwanamke aliyekuwa karibu na ngazi alikuwa mrefu, kitambaa cheusi kichwani, na kando yake msichana mdogo akichezea punje za ngano.

"Mama, hamkusikia?"

"Kusikia nini?"

"Kengele."

Yule mama akatazama ukutani kama mtu aliyekumbushwa jambo la mwaka juzi. "Aa, hiyo. Hiyo hulia tu, fundi. Tumeizoea."

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa, kwenye shamba la Bwana Lorimer huko Mau Narok. Ngano ilikuwa imevunwa, lakini mvua isiyo ya msimu ilikuwa imeikuta shambani, na sasa ilibidi ikaushwe kwa hewa moto iliyotoka kwenye tanuri kubwa nyuma ya ghala. Baridi ya huko juu ilikuwa ya kuuma vidole. Kwa sababu hiyo wanawake wachambuaji, ambao vibanda vyao vilivuja, walilala mle mle ghalani pamoja na watoto wao, juu ya magunia, karibu na ukuta uliopakana na tanuri. Khaemba aliliona hilo mara tu alipofika na hakulipenda. Ghala lililojaa ngano kavu, mavumbi ya makapi na watoto waliolala lilihitaji kengele ya kuaminika kuliko ghala lolote.

Alimwita nyapara, Mkipsigis mmoja wa makamo aliyeitwa Kipsang, akamwomba aweke kiganja juu ya kengele. Kisha akapanda tena na kuwasha taa. Kidude kikapata moto. Kengele ikalia.

"Inatetemeka?" Khaemba aliuliza kwa sauti kubwa.

"Inatetemeka sana!"

Akazima taa. Akarudia kidude cha pili na cha tatu, na vyote vikawa sawa. Akashuka na kuanza kukunja ngazi, na kengele ikaanza tena peke yake, kwa ukali ule ule. Kipsang alikuwa bado ameiegemezea kiganja. Khaemba akaona uso wake ukibadilika.

"Fundi," Kipsang alisema polepole, "haitetemeki."

"Unasema nini?"

"Imelala. Iko baridi kama jiwe ya mto. Njoo ushike mwenyewe."

Khaemba akashika. Sauti ilijaza ghala lote, lakini chuma kilichokuwa chini ya mkono wake kilikuwa kimya, na kinyundo kilikuwa kimetulia mahali pake. Harufu ikampitia puani, kama ya yai viza, halafu ikapotea.

Kipsang alimshika mkono akamtoa nje, mbali na mlango, ndipo akazungumza. Hata huko alinong'ona.

"Hii kitu ilianza siku ile ile walifunga kengele. Mara ya kwanza tulikimbia wote. Mama mmoja alianguka mlangoni, mimba ikatoka. Hakukuwa na moto. Kesho yake tena, tukakimbia. Kiguru akakasirika."

Kiguru ndilo jina walilompa Bwana Lorimer kwa sababu alichechemea.

"Unajua hii mambo ya Emajensi, hii hali ya hatari," Kipsang aliendelea. "Akiona watu wametoka mbio pamoja anafikiri ni vita. Akasema atakayetoka kazini kwa sababu ya kengele, hapana posho. Basi watu wakakaa. Ikilia wanakaa. Mwishowe hata hawasikii."

"Na siku moto ukija?"

Kipsang akainamisha kichwa. "Imekuja tayari. Yule mama uliongea naye, Mama Njoki, jina yake Wangu. Bwana yake alikuwa Ephantus, mtu wa kutia kuni kwa tanuri. Mwezi uliopita moshi ulirudi ndani, ukamjaa kule kwa shimo ya kuni. Kengele ililia, na siku hiyo ilikuwa kengele ya kweli. Sisi wote tulikuwa hapa tunafanya kazi. Tulimpata jioni. Hakuungua hata nywele. Alikuwa amekaa, mgongo kwa ukuta, mdomo mwekundu kama amekula forosadi. Na alikuwa anacheka, fundi. Bila sauti."

Wangu alikuwa ametoka kumwaga vijiwe na alikuwa amesikia. Akasimama na ungo wake.

"Mwambie yote, nyapara. Mwambie mimi nilikuwa nimekaa karibu na hiyo kengele kuliko mtu yeyote." Halafu akamgeukia Khaemba. "Kama unaweza kuitoa, itoe. Kama huwezi, usitoe cheti."

Bwana Lorimer alimkuta Khaemba akikagua betri. Alikuwa mzee wa Kizungu mwenye sharubu za njano, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha masetla.

"Kengele nalia?"

"Inalia, Bwana. Lakini inalia hata bila moto."

"Kengele nalia, basi kengele mzuri. Wewe andika cheti. Bila cheti bima hapana lipa, na ngano yangu yote iko ndani."

"Siwezi kuandika, Bwana. Watu hawatoki ikilia. Na hawa wamama na watoto hawafai kulala humu."

Sharubu zikacheza. "Kesho asubuhi mimi nataka cheti. Kama hapana, mimi napiga simu Nakuru, na wewe natafuta kazi ingine."

Khaemba alikuwa na mke, Nasimiyu, na watoto katika nyumba ya kupanga kule Bondeni, Nakuru, na kazi kama yake Mwafrika hakuiokota njiani. Lakini pia alikuwa mtu aliyetaka kujua chanzo cha kila kasoro. Jua lilipoanza kuzama na wanawake wakawa nje wanapika, aliingia ghalani na kitundu chake. Ndani yake mlikuwa na chiriku, ndege mdogo wa manjano aliyemtumia kupima hewa karibu na matanuri, kwa kuwa ndege hulewa hewa mbaya kabla ya mtu. Alikitundika kitundu kwenye msumari. Kisha akakata nyaya za betri, akafungua parafujo, akaiondoa kengele ukutani na kuilaza juu ya gunia, mdomo chini, kama sufuria.

"Haya," alisema peke yake. "Lia sasa."

Akakaa juu ya gunia lingine kuisubiri.

Ilimchukua muda kujua kwamba ilikuwa imeanza, maana safari hii haikuanza kwa ukali. Ilianza mbali, kama kengele ya ng'ombe anayeshuka bondeni jioni, ikakaribia polepole mpaka ikawa ndani ya ghala, ndani ya gunia alilolikalia, ndani ya meno yake, na ile kengele ya chuma iliyolala mbele yake haikutikisika hata kidogo. Alitaka kusimama akaona hakuna haraka. Chiriku alikuwa ameacha kurukaruka na alikuwa ameelekeza kichwa kwenye pembe moja ya ghala, kule magunia yalikopangwa juu kwa juu, na Khaemba naye akatazama huko, akaona giza la pale likiwa zito kuliko giza la pembe nyingine, likipanda na kushuka taratibu kama ubavu wa mnyama aliyelala, na harufu ya yai viza ikamjia tena lakini sasa haikumchukiza, ilikuwa harufu ya nyumbani, ya jikoni kwa mama yake, na akafikiri kwamba kweli amechoka, amechoka tangu utoto, na kwamba ile sauti haikuwa kelele kamwe bali ni kitu cha kumshika mtu mabega na kumwambia akae, akae tu, na akaacha kuisikia kama vile mtu anavyoacha kusikia pumzi yake mwenyewe, na hapo, wakati masikio yake yalipotulia kabisa, kitu fulani kikatoka pembeni kikaja kukaa kando yake, na gunia likabonyea kwa uzito wake.

Kilichofuata alichokijua ni matope usoni. Kipsang alikuwa amemvuta kwa miguu mpaka nje, na Wangu alikuwa anammwagia maji ya baridi.

"Nimekuita!" Kipsang alifoka. "Nimekuita mpaka koo limekauka, na wewe umekaa unaniangalia tu!"

"Chiriku," Khaemba alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito.

Wangu akakiinua kitundu. Ndege alikuwa amekufa amesimama, kucha zimeng'ang'ania kijiti.

"Ulikuwa unacheka," Wangu alimwambia. "Kama Ephantus."

Usiku ule wanawake walilala kwenye vibanda vyao vinavyovuja na hakuna aliyelalamika. Kipsang alichukua punda akaenda ukingoni mwa msitu, na asubuhi alirudi na shangazi yake, Cheptanui. Watu wa pande zile walimwendea kwa magonjwa ya watoto na kwa nyumba zilizoingiliwa. Alikuwa mwembamba, amejifunga blanketi, na hakusalimu mtu mpaka alipolizunguka ghala lote akinusa kama mbwa wa kuwinda. Mwishowe akasimama kwenye ukuta wa nje wa ile pembe.

"Nani alichagua kujenga hapa?"

"Kiguru," Kipsang alijibu. "Alisema hapa ni tambarare na hakuna mti."

"Hakujiuliza kwa nini hakuna mti." Cheptanui akatema mate kando. "Hapa palikuwa na ufa. Ardhi ilipumua. Ndama akilala hapa hakuamka, na wachungaji walipitisha ng'ombe mbali. Baba yangu alimkuta kaka yake amekaa hapa, mkuki magotini, anatabasamu. Alikuwa amekufa tangu jana yake. Ni jini anayekaa humo; jina tulilompa, kwa lugha yenu naweza kusema ni Mpumzishaji."

"Anataka nini, mama?" Khaemba aliuliza. "Mbuzi? Damu?"

"Angetaka mbuzi ingekuwa rahisi. Anataka mtu akae. Zamani alikuwa na upepo tu wa kumbembelezea mtu, na ni wachache waliopita hapa. Nyinyi mmemjengea nyumba, mkamjazia watu, mkamletea na kengele ajifunze." Akamtazama Khaemba machoni. "Hailizi kengele kuwafukuza. Anailiza ili msikimbie siku ya kukimbia."

Khaemba alilielewa bila kufafanuliwa, kwa sababu lilikuwa jambo la kazi yake mwenyewe.

"Tutamtoaje?"

"Mkimzoea, mmemkubali. Leo kila akiita, tokeni mbio. Hata akiita mpaka jioni. Hata mkijua hakuna kitu. Atakayesema 'ah, ni yeye tu' na kukaa, huyo amempa kiti."

Siku hiyo Bwana Lorimer alikuwa ameenda Njoro alfajiri kununua dizeli, kabla ya kudai cheti chake. Cheptanui aliwasha majani mabichi ya kichaka cha leleshwa milangoni, moshi mchungu ukajaa kotekote, akamwaga maziwa yaliyochacha kando ya ile pembe, kisha akawaamuru wanawake waingie wakachambue ngano kama kawaida. Waliingia wakishikana. Kengele, ambayo Khaemba alikuwa ameirudisha ukutani bila waya wowote, ikalia. Wakatoka mbio. Wakarudi. Ikalia kabla hawajakaa, wakatoka tena, wakiteleza kwenye matope, watoto wakicheka mwanzoni wakifikiri ni mchezo. Kisha ikawaacha muda mrefu, muda wa kutosha mtu kusahau, ikalia ghafla. Wakatoka. Adhuhuri ilipopita hakuna mtoto aliyecheka. Mama mmoja alikaa chini akalia kwamba magoti yamekwisha; Wangu alimnyanyua akambeba mgongoni, na ilipolia alitoka naye hivyo hivyo. Na kila walivyotoka sauti ile ilizidi kuwa mbaya: ikawa na mkwaruzo, ikawa na kitu kama meno yanayosagwa, mpaka Kipsang akasema kwa sauti ya chini, "Sasa ndiyo amekasirika."

Hapo gari la Kiguru likafika.

Alishuka akawaona wafanyakazi wake wote wamesimama nje ya ghala, wamejaa matope, na bibi kizee wa msituni akipunga majani yanayowaka. Uso wake ukawa mwekundu.

"Nini hii? Rudi kazi! Wote!"

Hakuna aliyesogea. Wangu alisema, "Bwana, usiingie. Tafadhali."

"Mimi naogopa kengele? Mimi naonyesha nyinyi." Akaingia ndani akichechemea. Waliisikia miguu yake kwenye sakafu ya mbao, mmoja mzito na mmoja mwepesi, halafu wakasikia amekaa. Kengele ikalia. Haikuwa na mkwaruzo sasa. Ilikuwa laini, tamu, na Bwana Lorimer hakutoka.

"Mwacheni," mtu mmoja alisema nyuma.

Khaemba alifikiri jambo hilo kwa kitambo kifupi kilichomtia aibu baadaye. Kisha akalowesha shuka kwenye pipa la maji, akajifunga puani, Kipsang akafanya vivyo hivyo, wakavuta pumzi na kuingia. Hewa ya mle ndani ilikuwa na uvuguvugu. Mzungu alikuwa amekaa juu ya gunia katika ile pembe, mguu mbovu ameunyoosha, kofia imelala gotini, midomo yake myekundu. Gunia lililokuwa kando yake lilikuwa limebonyea katikati, na juu yake hapakuwa na mtu. Aliwatazama wakija. Alipofungua kinywa, Kiswahili kilichotoka hakikuwa chake; kilikuwa safi, cha upole, kama cha mzee anayewapokea wajukuu.

"Poleni kwa safari, wanangu. Kaeni kidogo mpumzike."

Magoti ya Khaemba yalianza kukunjika. Kipsang alimpiga kofi la sikio, naye kwa maumivu yale akapata nguvu, wakamkamata Kiguru makwapani wakamburuta, wakaanguka naye nje kwenye matope. Alitapika. Kisha akalia kwa kwikwi kama mtoto aliyeamshwa usingizini, akinyoosha mikono kuelekea mlangoni, na walimshikilia mpaka ikapita.

Cheptanui hakungoja zaidi. Aliingia peke yake na leleshwa lake, na wote waliokuwa nje wakaisikia sauti ya kengele ikipanda mpaka ikawa ukelele, mabati yakatetemeka, makapi ya ngano yakamwagika kutoka darini kama mvua ya mchanga, halafu kimya. Alitoka na kengele imeviringishwa ndani ya ngozi mbichi ya kondoo. Damu ilikuwa inamtoka sikio moja.

"Ametoka?" Kipsang aliuliza.

"Kengele hii naiondoa. Zibeni ule ufa wake." Akaanza kutembea kuelekea msituni, na hakutaka kusindikizwa.

Walibomoa sakafu katika ile pembe wakaukuta ufa, mwembamba wa kutosha kupitisha kiganja, na pembeni yake mifupa ya panya na ndege isiyohesabika. Bwana Lorimer mwenyewe, akiwa bado ameinamisha uso, aliamuru umwagiwe mawe na saruji, na bomba la tanuri likatengenezwa upya. Posho hakuitaja tena. Khaemba hakutoa cheti. Alikubali jambo moja tu: mpaka kengele mpya ipatikane, awepo mtu wa zamu mchana na usiku mbele ya tanuri, mwenye sauti ya kufika mbali, na akiona moshi apige kelele ya moto.

"Mimi," Wangu alisema kabla hajamaliza. Sauti yake ilijulikana shambani. Alikuwa akimwita binti yake Njoki kutoka mtoni na watu wa ng'ambo ya pili wakageuka. "Safari hii nitakuwa nimesikia."

Khaemba alirudi Nakuru. Kwa siku nyingi Nasimiyu alimcheka kwa jinsi alivyoruka kitandani kila baiskeli ilipopita Bondeni ikilia kengele, lakini hakumcheka mbele ya watu. Habari kutoka Mau Narok zilikuwa njema. Ghala lilikuwa kimya. Ndege walikuwa wameanza kuatamia kwenye mabati. Wanawake walikuwa wamerudi kulala kwenye joto, na kelele ya Wangu ilikuwa imesikika mara moja tu, kaa liliporuka likashika makapi, na watu wote wakawa nje kabla moto haujashika gunia.

Kengele mpya ilipofika kwa treni, Khaemba aliipakia kwenye lori akapanda nayo. Mau Narok ilikuwa imefunikwa na ukungu mchana kweupe, mzito, wa kumficha mtu kwa hatua chache. Dereva alisimamisha lori mbele ya ghala, na Khaemba alikuwa hajashuka vizuri aliposikia ile sauti ya Wangu kutoka ndani.

"Moto! Moto! Tokeni!"

Wakatoka. Walitoka vizuri, kama alivyotamani watu wa kila kiwanda watoke, mama na watoto, bila kusukumana, wakasimama uwanjani wakitweta. Khaemba aliangalia mabati. Hapakuwa na moshi. Akavuta hewa, akasikia harufu ya ngano na ya ukungu, na nyuma ya hizo, hafifu sana, yai viza.

Mtu wa mwisho kutoka alikuwa Kipsang. Alitoka upande wa tanuri akitembea kinyumenyume.

"Iko wapi moto?" Khaemba alimuuliza. "Mama Njoki ameona nini?"

Kipsang alipogeuka, uso wake ulikuwa kama majivu. Alinong'ona ili wanawake wasisikie. "Zamu ni yangu leo. Mimi ndiyo nilikuwa kwa tanuri. Mama Njoki ameenda mtoni kufua magunia."

"Moto!" ilisema sauti ndani ya ghala. "Tokeni!"

Na kwenye njia ya mtoni, Wangu akajitokeza ndani ya ukungu, magunia mabichi kichwani, maji yakimtiririka mabegani. Alisimama alipowaona wote nje. Akatazama uso mmoja baada ya mwingine.

"Nani ameita?"

Sauti ndani ya ghala ikanyamaza, kana kwamba nayo imesikia swali. Kisha ikaanza tena, sasa kwa upole, na ilikuwa ya Wangu kabisa, hata ule mkato wa Kikikuyu kwenye maneno.

"Hakuna moto. Nilikuwa nawajaribu tu. Rudini ndani, watoto wasipigwe baridi. Njoki, njoo kwa mama."

Njoki alikuwa amesimama karibu na mlango kuliko wote, akiipa njia ya mtoni mgongo, bila kandambili, akitetemeka. Aliposikia jina lake akaachia kanga ya mwanamke aliyemshika, akapiga hatua kuelekea mlangoni.

Wangu alifungua kinywa kumwita. Khaemba alimwona akivuta pumzi, na akamwona akiifunga midomo kwa mkono, kwa sababu angeita kwa sauti gani, na mtoto angejuaje ni ipi ya mama yake. Alitupa magunia akakimbia bila kutoa neno, akateleza, akainuka, akamnasa Njoki kwa nguo mguu mmoja ukiwa umeshavuka kizingiti. Akamkumbatia kifuani, akamziba masikio kwa viganja vyote viwili, akarudi naye kinyumenyume mpaka alipogonga lori.

Ndani, sauti haikukasirika. Ilianza kuimba polepole wimbo ambao Wangu humwimbia binti yake akitaka alale, ubeti kwa ubeti, na haikukosea neno lolote. Wanawake walisimama kwenye ukungu wakiusikiliza, na mmoja wao akapiga mwayo.